Legeza taya, mama

Siku ya posho iliyopita tulikutana ku nyumba ya mikutano ya parokia yetu hapa Goma, bamama wa mimba, bamama wa batoto wadogo, bakoko, na bapapa kidogo wenye walikubali kuja. Bengi hawakufika juu mvua ilinyesha tangu asubui sana na njia zetu munazijua ginsi zinakuwa, bengine walikuwa soko, na tangu siku ile telefone yangu haitulii, kila mutu anauliza mama akushezi ulisema nini. Mi njo ule akushezi, mwenye kuzalisha, na niliongea juu ya kutuliza mwili, zaidi wakati wa kuzaa. Basi nimeandika yote vile nilisema. Mapicha yenye nilionyesha ku ukuta nimeyaacha, maneno njo haya.

Tumsifu Yesu Kristu! Hapana, sikusikia vizuri. Tumsifu Yesu Kristu! Asante. Karibuni bote, na bale wenye hawasali hapa muko kwenu pia, leo tunaongea juu ya mwili, na mwili kila mutu iko nao.

Mbele ya kuanza niko na swali. Nani hapa, tangu ameamuka leo, amekaa ata dakika tano bila kufanya kitu? Sisemi kulala. Sisemi kuangalia telefone. Kukaa tu, mikono ku mapaja, hakuna kitu unachambua, hakuna mutoto unamufunga ku mugongo. Inueni mikono. Moja. Mbili. Koko kule nyuma, tatu. Watu batatu mu nyumba nzima yenye kujaa!

Swali ya pili, hii musinijibu, muangalie tu ndani yenu. Sasa hivi vile umekaa, meno ya juu na meno ya chini yameshikana? Ulimi uko wapi, umebandika juu ya kinywa? Mabega yako wapi, yako pahali pake ao yamepanda kutafuta masikio? Ninaona kule watu banaanza kuteremusha mabega. Munaona? Hakuna mutu anakufukuza hapa ndani, hakuna mutu anakudai, umekaa ku kiti, na mwili wako uko tayari kukimbia.

Hii njo nilikuja kuwaambia. Kwa kifaransa banaita relaksasio, na ukisikia ile neno unawaza ni mambo ya watu wenye bustani na kiti ya kulalia kando ya ziwa. Mama, hapana. Mi ni akushezi, nazalisha tangu miaka 19, na nawaambia kutuliza mwili ni kazi, ni kazi mutu anajifunza na mikono yake sawa vile ulijifunza kusuka ao kukoboa, na mwanamuke mwenye hajaijifunza mbele, siku ya uchungu ikifika hataijifunza pale ku kitanda. Itakuwa imechelewa. Njo maana ninaongea na nyinyi leo wakati tumbo bado ni ya miezi mitano, miezi sita, na bengine hamuna tumbo kabisa.

Niwaambie kitu yenye inaniuma mupaka leo. Nilikuwa kijana, natoka tu ku masomo, nafanya kazi usiku ku sentri moja ya afya. Akafika binti wa miaka 19, mimba ya kwanza. Alikuwa ameshika chuma ya kitanda na mikono miwili mupaka vidole vimekuwa vyeupe, macho amefunga, meno amefunga, magoti amefunga. Na mi nilikuwa namulalamikia, legeza! Legeza mwili, binti, unajifungia mwenyewe! Nilisema vile tangu saa nne ya usiku mupaka karibu saa kumi. Legeza, legeza. Mwisho akafungua macho akaniangalia, akaniambia, "Dada, ninalegeza ginsi gani?"

Sikukuwa na jibu, bamama. Nilijifunza kupima, nilijifunza kukata na kushona, nilijifunza kuhesabu mapigo ya roho ya mutoto. Ginsi ya kulegeza hakuna mutu alinifundisha. Nilikuwa namupa neno bila kumupa njia.

Sasa mu kile chumba kulikuwa mama mwenye anafagia. Hakusoma. Akaegemesha fagio ku ukuta, akakuja, akashika mashavu ya yule binti na mikono yake miwili, akamwambia, mutoto wangu, fungua kinywa kidogo, sasa puliza, puliza sawa unapuliza makala ku mbabula wakati moto unaanza tu, ukipuliza nguvu utaizima, puliza pole, pole, ndefu. Na yule binti akapuliza. Kila uchungu ikikuja, wanapuliza makala pamoja. Vidole vikaacha chuma. Sitawadanganya, hakuzaa pale pale, alizaa karibu saa tatu kisha, na uchungu ulikuwa uchungu. Lakini zile saa tatu hazikufanana hata kidogo na ile usiku nilimufanyizia mi mwenye diplome.

Kwa nini ilikuwa vile? Tukae hapa kidogo juu hapa njo kuko maneno.

Miaka ya 1930 kulikuwa munganga mumoja Mwingereza, Grantly Dick-Read, alikuwa anazalisha bamama na akaona kitu bakoko zetu baliona zamani: mama mwenye anaogopa anajikaza, mama mwenye anajikaza anaumia zaidi, na mama mwenye anaumia zaidi anaogopa tena zaidi. Woga, kukaza, maumivu, na unarudi ku woga. Inazunguka. Inazunguka usiku mzima. Na haisaidii kumwambia mutu usiogope, nani alishaacha kuogopa juu bamemwambia usiogope? Woga hauna mulango ya kushika. Lakini kukaza, kukaza iko na mulango, juu taya ni yako, mikono ni yako, pumzi ni yako. Tunaingilia pale katikati.

Kizazi ni nyama, ni nyama yenye nguvu sana. Inafanya kazi yake yenyewe, hauiamuru. Ukiogopa sana mwili unamwanga adrenalini, ile maji ya kukimbia, damu inaenda ku miguu na mikono juu mwili unawaza kuko adui, na kizazi kinabakia na damu kidogo, na kazi inaweza kupunguka nguvu. Ukitulia, oksitosini inakuja vizuri, na ile njo inasukuma kazi mbele. Bale wenye mulichunga ngombe kule Masisi, muniambie, ngombe akianza kuzaa na mbwa wa watu akakuja kubweka karibu, anafanya nini? Anasimama. Anangoja. Papa kule anatikisa kichwa, ameona. Ngombe haiko mujinga, haiko muvivu, mwili wake unasema hapa haiko pahali pa kuzalia. Na sisi mama anafika ku materinite tunamupokea na makelele, ulikuwa wapi tangu asubui, kartoni ya CPN, ile ya kupimisha mimba, iko wapi, pagne ya mutoto iko wapi, kisha tunashangaa kazi imesimama. Nasema hii mbele ya bakazi benzangu bale wamekaa hapa mbele, na najisema mi wa kwanza.

Kuko koko mumoja alinijibu siku moja mu CPN, alikuwa ameleta mutoto wake. Akasema, akushezi, Mungu mwenyewe alisema mwanamuke atazaa kwa uchungu, wewe ni nani wa kupunguza? Nilimuheshimu juu aliongea na roho safi, na najua bengi hapa wanawaza vile bila kusema. Basi musikilize. Mwaka wa 1951 munganga Mufaransa, Fernand Lamaze, alienda Urusi, wakati ule ilikuwa Umoja wa Kisovieti, akaona bamama wamefundishwa mbele ya kuzaa, pumzi na mwili, na bakazaa kwa utulivu. Akarudi Paris akaanza kufundisha bamama wake. Maneno ikawa mingi, bengine banasema ni kupinga Biblia. Na mwanzo wa mwaka wa 1956 Papa Pio wa 12 mwenyewe akaongea na baganga juu ya ile maneno, akasema njia ile haina ubaya mbele ya imani. Papa wa Roma, koko! Yule koko alinyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi munifundishe na mimi, mugongo unaniuma." Tukamufundisha.

Tufanye sasa. Bote, na bapapa. Weka miguu yote miwili chini. Mukono moja juu ya tumbo. Vuta pumzi na pua, polepole, nahesabu: moja, mbili, tatu, ine. Sasa toa na kinywa, ile ya makala, moja, mbili, tatu, ine, tano, sita. Tena. Musiinue mabega, tumbo njo inapanda, kifua kinatulia. Tena. Yenye kutoka iwe ndefu kupita yenye kuingia, hiyo njo siri yote, juu mutu mwenye anakimbia anavuta sana na kutoa kidogo, na mwenye kutoa kwa urefu anaambia mwili wake tumefika nyumbani.

Tuhesabu. Ine na sita ni sekonde kumi. Mu dakika moja ni pumzi sita. Sasa munisikilize sana bamama wa mimba ya kwanza. Kontraksio moja, kizazi kikikaza, wakati kazi imekomaa inakaa karibu dakika moja, siyo zaidi sana. Dakika moja ni pumzi ngapi? Sita! Semeni tena. Sita! Hauvumilii usiku mzima, mama. Hakuna mutu anaweza kuvumilia usiku mzima kwa mara moja. Unavumilia pumzi sita, kisha inaachilia, na pale katikati hakuna uchungu, pale katikati unalegea kabisa, unakunywa maji, unaegemea mutu. Kisha pumzi sita tena. Kuko mama mumoja aliniambia yeye hakuhesabu mupaka sita, alikuwa anarudia majina ya batoto ya dada yake, batoto ni sita, jina moja pumzi moja. Muzuri kabisa. Bengine wanapitisha rozari. Kila mutu na hesabu yake.

Kitu moja ya kuangalia. Ukianza kupumua mbio mbio sawa mbwa ya jua, vidole vitaanza kukuchoma sawa sindano na midomo itakufa ganzi na kichwa kitazunguka. Hautakufa, ni juu umetoa hewa nyingi mbio, punguza, rudi ku makala. Na wakati wa kusukuma ukifika ufuate akushezi yako, pale maneno ni ingine.

Sasa nyama. Mukubwa wangu alikuwa na chukudu, ile baiskeli ya mbao ya kubeba mizigo, miaka mingi anateremuka toka Kibumba na mizigo ya shu na viazi, na bale wenye munaijua ile muteremuko munajua watu balishakufa pale. Nilimuuliza siku moja, kaka, ginsi gani unashuka na kilo zote zile na hauanguki? Akaniambia mwenye anaanza anashika mikono ya chukudu sawa anataka kuivunja, mabega magumu, kisha jiwe moja inamurusha juu yeye na mbao wamekuwa kitu moja kigumu. Mwenye anajua, mikono yake inashika lakini haifinyi, magoti yamelegea, nguvu yote iko ku mugu moja tu, ule wenye kufunga breki. Ninaikumbuka kila siku ku kazi. Siku ya kuzaa kuko nyama moja tu yenye iko na kazi, kizazi. Ingine yote, paji ya uso, taya, vidole, matako, iachwe.

Lakini unaiacha ginsi gani, sawa yule binti aliniuliza? Munganga mumoja Mumarekani, Edmund Jacobson, alikuwa Chicago miaka ya 1920, alitafuta hii maneno maisha yake yote. Akaona kama hauwezi kuamuru nyama ilegee juu hauijui yenye kulegea inafanana nini. Basi unaanza kwa kuikaza kwa kupenda, kisha unaiachilia, na pale unasikia tofauti. Tufanye. Funga ngumi, mukono wa kuume, funga, funga, hesabu mupaka tano, usifunge pumzi. Achilia. Mara moja, siyo pole pole, achilia sawa kamba imekatika. Sasa ngoja. Usifanye kitu. Sikiliza ule mukono ginsi unakuwa muzito na moto. Linganisha na ule wa kushoto. Mumesikia? Ni hivyo. Unapanda: mikono, mabega unayavuta ku masikio na kuyaachilia, uso unaufinya wote na kuuachilia, taya, kisha matako, mapaja, miguu. Bamama wa mimba, tumbo haukazi, na ku miguu usinyooshe vidole mbele juu kamba ya mugu itakushika, ukunje vidole kuja upande yako. Nusu saa mbele ya kulala inatosha, ata robo saa, na mukianza leo, kisha majuma kidogo hamutakuwa tena na lazima ya kukaza mbele, mutasema tu "mukono" na mukono utaachilia.

Na taya. Baakushezi tunaona hii kila siku: mama mwenye taya imelegea, yuko anaguna chini chini, mmmm, midomo mizito, kazi yake inaenda. Mama mwenye anapiga kelele ya juu na meno yamefungwa anachoka upesi. Kwa hiyo ukiniona ku materinite nakugusa shavu usikasirike, ninakukumbusha.

Bengine banasema, akushezi, haya yote ni muzuri lakini wewe hauoni ginsi tunaishi? Ninaona. Naishi hapa hapa, nachota maji ku bomba moja na nyinyi.

Munakumbuka siku ya posho, tarehe 22 mwezi wa tano 2021, mbingu ilivyokuwa nyekundu usiku na lava ya volkano yetu Nyiragongo ikashuka mupaka Buhene. Kisha ile matetemeko, usiku na muchana, nyumba zinapasuka, na siku ya ine, tarehe 27 asubui, wakasema tutoke. Mama mumoja wa kundi letu alikuwa na miezi nane. Alitembea kuelekea Sake, kilometa karibu 25, na bido kidogo ya maji na mutoto mukubwa ku mukono. Alinisimulia kisha. Hakusema hakuogopa, aliogopa sana, mwili ulikuwa unatetemeka ata wakati udongo umenyamaza, si tulikuwa vile sisi wote? Alisema, nilihesabu hatua, hatua tatu navuta, hatua ine natoa, hatua tatu navuta, ine natoa, na kila mara tunasimama nateremusha mabega. Tumbo ilikuwa inakaza mara mingi ile siku, akipumzika inaachilia. Mutoto alizaliwa mwezi wa sita, wakati wake.

Ninawaambia hii juu hakujifunza ku njia ya Sake. Alijifunza mu CPN, wakati hakuna volkano, akijikaza na kujiachilia sawa mutoto wa shule. Ku njia mwili ulikumbuka. Na musinisikie vibaya. Mutu akikuambia wewe pumua tu na shida yako itaisha, anakudanganya. Pumzi haileti chakula, haifukuzi vita, hailipi nyumba. Inakupa nguvu yenye ulikuwa unapoteza kwa kujifinya bure, na ile nguvu unaihitaji.

Sasa neno moja nitasema kwa sauti ya chini. Kuko kati yetu bamama, na bapapa pia, wenye walipitia mambo ya vita, mambo ya kushikwa na nguvu. Kwa ule mutu, ukimwambia funga macho, legeza mwili, pale njo mambo inarudi, anaona tena ile siku. Dada, kama ni wewe, haiko kosa lako, na haimaanishi hauwezi. Usifunge macho. Acha macho wazi, angalia kitu moja ya hapa, mulango, mwanga ku dirisha. Sukuma miguu yako ku udongo, sikia vile ni ngumu. Sema mu roho vitu vitano unaona, vitu vine unaweza kugusa. Gusa pagne yako, sikia ginsi imeshonwa. Uko hapa, uko leo. Na wakati wa kuzaa uko na haki ya kumwambia akushezi mbele, "usiniguse bila kuniambia." Haulazimishwi kueleza sababu. Tukitoka nitakuwa pale ku mulango wa nyuma, mwenye anataka kuongea tutaongea mi na yeye tu, kuko watu wa kusaidia na ninawajua.

Turudi ku nyumba. Wakati gani utafanya? Bamama, hamuna saa moja, najua. Lakini uko na bido ya litre 20 ku bomba, na ile bido inajaa kwa wakati wake haijalishi wewe umejikaza ao umelegea. Basi pale pumua pumzi sita. Kila mara unapuliza mbabula, pumua ile ile. Papa wa moto, wewe wa pikipiki, ukisimama kungoja kliyan, toa mikono ku gido, teremusha mabega, legeza taya. Hii haiko ya bamama wa mimba peke yao, tansio, damu yenye kupanda, inaua bapapa mu hii mugini kila siku na nyinyi munasema ni kurogwa.

Kulala: kuanzia mwezi wa saba mama alale kwa upande, wa kushoto ni muzuri, juu akilala chali tumbo inafinya mushipa mukubwa wenye unarudisha damu ku roho. Ukiamuka usiku umejikuta chali usitetemeke, geuka tu. Weka pagne ya kukunja kati ya magoti. Maji ya moto kidogo, siyo ya kuchoma, osha miguu mbele ya kulala, na kama kuko mutu nyumbani akukande mugongo.

Na bamama wakwe, nawaomba na heshima yote. Bibi wa mutoto wako akikaa robo saa muchana na macho yamefunga, usiseme amekuwa muvivu. Sema batoto banyamaze.

Niingie ku neno la mwisho lenye sitaki mutu alikose. Mwaka moja mama alikuwa na kichwa inamuuma siku mbili, miezi nane, anaona sawa nyota ku macho. Akajiambia, akushezi alisema ni stresi, nitapumua. Akalala, akapumua, akakaza na kuachilia. Siku ya tatu dada yake akamuleta kwa nguvu. Tansio ilikuwa juu sana, tukamutuma ku lopitali kubwa mbio, Mungu alisaidia na baganga balisaidia, yeye na mutoto wote wazima. Lakini nililia ile siku juu alitumia maneno yangu kungoja.

Kwa hiyo musikie. Kichwa kuuma sana, macho kuona giza ao nyota, uso na mikono kuvimba, damu kutoka, maji kutoka mbele ya wakati, homa, kushikwa na degedege, mutoto mu tumbo ameacha kucheza ao amepunguza: hizo hazitulizwi na pumzi. Tansio ya 140 kwa 90 ao zaidi kwa mama wa mimba ni ya kuangaliwa na munganga. Unaenda ku lopitali. Saa ile ile, ata usiku, na pumzi yako ya makala unaifanya ku moto, njiani. Na CPN hamukosi. OMS, shirika la afya la dunia, tangu 2016 inasema mama aonwe mara nane mu mimba moja, siyo mara moja ya kupata kartoni.

Ni OMS hiyo hiyo, mwaka wa 2018, ilisema mama mwenye anataka kupunguziwa uchungu anaweza kupewa hizi njia, kupumua, kulegeza nyama, muziki, kukandwa, kitambaa cha moto, na awe na mutu mwenye amechagua mwenyewe kando yake. Mwenye amechagua mwenyewe! Kama ni dada, dada. Kama ni mama, mama. Na kama ni bwana yake?

Bapapa, sasa ni zamu yenu. Kuko papa mumoja fundi wa kujenga, mikono yake ilikuwa migumu sawa ile majiwe ya volkano anachonga, alikuja na bibi yake ku CPN na haya mingi, anaangalia chini. Nilimuonyesha pahali: chini ya mugongo, juu ya matako, ule mufupa wa pembe tatu. Unaweka pale kiganja chote, siyo vidole, na unasukuma mbele wakati uchungu unapanda, unasukuma na uzito wa mwili siyo na nguvu ya mukono, na unaachilia wakati unashuka. Unamuuliza, hapa? Zaidi? Anakujibu na kichwa. Bibi yake aliniambia kisha, nilisahau maneno yote ulitufundisha, nilisahau hesabu, lakini mukono wa bwana yangu ulikuwa unapumua na mimi.

Bamama wenye bwana zao hawako hapa munaweza kwenda, asante sana, mvua imepunguka. Bapapa mubakie robo saa. Viti musivitoshe, tutavitumia: mama akae amegeukia mugongo wa kiti, amekumbatia, na wewe upige magoti nyuma yake. Mwenye bibi yake hakukuja achukue mukubwa wake ao rafiki, hakuna kucheka. Vueni saa na pete. Viganja moto, munavisugua kwanza. Papa wa shati ya bluu, wewe njo utaanza.